Kabla Hujaita Tinga, Chimba Shimo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mtongwe alinipigia simu. Amenunua ploti kwenye mteremko, mbele bahari, nyuma miembe, na kesho yake asubuhi tinga linakuja kusafisha. Nikamwuliza, kusafisha nini? "Huu uchafu wa juu, kaka. Majani, mizizi, na huu mchanga mweusimweusi." Nikamwambia aahirishe siku moja, achukue jembe, achimbe shimo la kufika magotini, kisha anipigie tena. Akacheka. Lakini alichimba, na nitawaambia alichokiona. Kwanza niwaeleze wazimu huu wa mashimo niliutoa wapi.

Mie nimezaliwa na kukulia Likoni. Udongo kwangu ulikuwa kitu cha kupiga deki. Nilipokwenda Marekani kusomea misitu, kiangazi cha kwanza nikapata kibarua katika kikosi cha kukagua udongo kwenye milima ya Idaho. Kazi yenyewe haina siri: unapanda mlima na chepe begani, unachimba shimo la mita moja, unakwangua ukuta wake kwa kisu mpaka tabaka zionekane, unaandika. Halafu unapanda tena. Mashimo manne kwa siku, mikono ikiwa na bahati.

Milima ile ni ya itale, lile jiwe la madoadoa ambalo wenye pesa hulitandika juu ya makabati ya jikoni. Jikoni ni gumu. Mlimani, baada ya kuliwa na maji na barafu kwa muda usiohesabika, limeoza. Unaona pande zima, ukingo na pembe zake, unadhani ni jiwe; ukilibana linamumunyuka kiganjani kama kashata iliyolala wiki mbili. Kinachobaki ni mchanga mnene, mkali, kama chumvi ya mawe. Maji yanapita ndani yake mbio, na hauna kitu cha kuushikanisha. Udongo wa namna hiyo peke yake, kwenye mteremko ule, ungelea msitu kwa shida sana.

Na bado misonobari imesimama pale, mingine hata mkikumbatia watu wawili mikono haikutani. Siri yake iko juu ya mchanga, katika tabaka la rangi ya kahawa ya maziwa, pengine kiasi cha shibiri moja, pengine linafika nusu mita, pengine limechanganyika na mchanga hata hulioni kwa macho, unalihisi kwa vidole tu. Mkuu wa kikosi, mtu wa maneno machache, siku ya kwanza alinitia bonge lake mkononi akaniambia nisugue. Laini kama unga wa ngano. Kisha akaniambia nibebe debe lililojaa. Debe la maji, lita 20, ni kilo 20. Debe la mchanga wetu wa pwani linakaribia kilo 30. Lile la pale, likishakauka, halifiki 18. Udongo mwepesi kuliko maji! Nilidhani ananifanyia mzaha.

Ni majivu ya volkeno. Miaka 7,700 hivi iliyopita mlima Mazama, katika jimbo la Oregon, ulilipuka kwa nguvu hata kilele chake kikaporomoka ndani. Shimo lililobaki leo ni ziwa la Crater Lake, lenye kina cha mita 594, hakuna la kina zaidi Marekani. Majivu yaliruka na upepo mbali kuliko Mombasa na Nairobi, yakatandika juu ya milima ya itale. Yakiangaliwa kwa hadubini ni vijipande vya kioo vyenye vitundu, na maji hujificha humo. Mwisho wa Agosti, jua limewaka wiki nenda wiki rudi bila mvua, ulikuwa ukichimba unakuta bado pana ubaridi wa unyevu. Hasa upande wa mlima unaotazama kaskazini, ambao kule ndio haupigwi sana na jua. Upande wa kusini, wenye jua kali na miti michache, mara nyingi majivu yalikwishachukuliwa na maji na upepo zamani, na unaona kwa miti yenyewe: imeachana, mifupimifupi, chini ni changarawe.

(Na msidhani majivu ya volkeno ni mambo ya ughaibuni. Maji ya chemchemi za Mzima tunayoyakinga kwa foleni hapa Mombasa huanza kama mvua juu ya vilima vya Chyulu, ikazama ndani ya majivu na mawe ya volkeno, ikaibukia Mzima kule Tsavo Magharibi, ndipo ikatiwa kwenye bomba.)

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Siku moja tulipita kwenye barabara ya zamani ya magari ya magogo, iliyokatwa ubavuni mwa mlima. Ukingo wa juu umekwanguliwa mpaka kwenye itale iliyooza, na kila mahali mchanga unashuka, chembe kwa chembe, hata siku isiyo na upepo. Unasimama kimya unausikia. Miaka mingi umeachwa na hakuna jani lililoota. Nikaambiwa habari za Mto Salmon, tawi lake la kusini: majira ya baridi ya 1964 hadi 1965 zilikuja dhoruba, barabara za namna hiyo zikaporomoka, mchanga ukafukia vitanda vya changarawe ambamo samaki wa salmoni hutagia mayai. Mwaka huohuo wa 1965 serikali ikasimamisha ukataji wa magogo na ujenzi wa barabara katika bonde lile. Waliopima baadaye katika milima hiyohiyo walikuta barabara inatoa mchanga mara mamia kuliko kipande kama hicho cha msitu ambao haujaguswa.

Pale kwenye ukingo nikamkumbuka baba. Kabla sijaondoka Likoni alileta tinga kwenye kiwanja chetu kilichoinama kidogo tu, likakwangua kila kitu, pakang'aa kama sinia. Tukasifu kazi. Mvua za mwaka zilipoanza, usiku wa kwanza tu mtaro ukajichimba katikati, na asubuhi mchanga wetu ulikuwa barazani kwa jirani, umefika kwenye kizingiti. Tulishinda na makoleo siku mbili tukiomba radhi. Tukailaumu mvua. Ilinibidi nivuke bahari nikasimame kwenye mlima wa watu ndipo nijue kwamba mvua haikuwa na kosa.

Kwa hiyo, ukiwa na ploti ya mchanga, na hasa iliyoinama, chimba kwanza. Shimo moja juu, moja katikati, moja chini. Angalia rangi inabadilikia wapi. Shika mchanga wa juu, ubane, uachie. Kisha fanya hivyo kwa wa chini. Wa juu wenye mboji utashikana kidogo. Wa chini utakutoka kati ya vidole. Hicho kisichokutoka ndicho ulichonunua, mengine ni nafasi. Ukishajua kina chake, mwambie mtu wa tinga asafishe mahali pa nyumba na njia peke yake, na ule mweusi aukusanye lundo pembeni, asiuchanganye na wa chini, asiuuze. Wako wanaouza, nawaona, lori kwa lori, halafu mwenye ploti anakuja kununua udongo mweusi wa bustani kwa gunia.

Tinga lisiingie ardhi ikiwa imelowa. Idaho tulikuwa tunaona alama za magurudumu ya miaka na miaka, udongo wa majivu umeshindiliwa na haujafunguka tena. Mchanga wetu haushindiliki kiasi hicho, lakini ule wa juu wenye mboji unadhurika.

Moto nao. Kule baada ya moto mkubwa nilimwaga maji ya chupa juu ya mchanga wa itale, tone likakaa juu kama juu ya jani la jimbi, halizami. Nta za majani yaliyoungua huingia mchangani zikaufanya ukatae maji, na mvua inayofuata inateremka yote kwa juu, na mchanga nayo. Ukifagia majani ya mwembe wako, yarundike, usiyachome. Kwenye shimo la mti tia makumbi ya nazi chini, uyaloweshe vizuri kabla ya kufukia. Wazee wetu walifanya hivyo na sijaona cha kuwashinda. Na usafi wowote wa shamba uwe umekwisha, na matuta ya kukinga maji yamekatiza mteremko, kabla ya Machi kuisha.

Onyo moja limenigharimu mlimau. Mjomba wangu wa Shanzu alizipenda sana hadithi zangu za majivu. Hakuniambia kitu, akawa kila asubuhi anamwaga majivu ya jiko la makaa chini ya mti. Miezi michache majani yakawa manjano, mishipa tu imebaki kijani. Majivu ya mkaa si kioo cha volkeno, mjomba! Ni magadi matupu, na Shanzu chini ni matumbawe, udongo tayari una chokaa ya kutosha. Ukizidisha, mti unashindwa kupata madini ya chuma hata kama yamo. Mlimau haukupona.

Anayedhani ngozi ya ardhi hurudi haraka aende Bamburi. Machimbo ya mawe ya saruji yalibaki mwamba mtupu mpaka René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ile ya saruji, alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mivinje ikakubali, lakini sindano zake zilikuwa zinalundikana bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo wakazitafuna, na mboji ikaanza kujengeka. Leo watu wanakwenda kumwangalia twiga. Mie nikienda huinama nikachokonoa udongo, na mlinzi mmoja alishaniuliza nimepoteza nini.

Yule kijana wa Mtongwe alinipigia jioni. Alipima kwa rula ya mwanawe: sentimita 22 za mchanga mweusi, chini yake mwekundu mtupu mpaka magotini. Tinga lilikuja keshokutwa yake, likasafisha mahali pa nyumba tu, likamaliza saa nne asubuhi. Dereva akadai ya siku nzima, akalipwa. Kwa hilo kijana bado hajanisamehe.