Kila niliyemuuliza kanijibu "tabianchi": nimekosea wapi?

SWALI: Ninasoma shahada ya uzamili na ninafanya utafiti Pemba, upande wa magharibi, juu ya namna kina mama wanaochokoa pweza wanavyoielewa hali ya bahari yao. Nimegawa hojaji kwenye kaya 90. Karibu wote wamejibu mamoja: pweza wamepungua, sababu ni mabadiliko ya tabianchi. Msimamizi wangu anasema data hizi hazina kitu. Nimebakiwa na miezi mitatu. Nifanye nini?

JIBU: Msimamizi wako ana haki. Umeuliza, "Mabadiliko ya tabianchi yameathiri vipi upatikanaji wa pweza?" Jibu umeshalitia ndani ya swali. Kina mama hao wameitwa kwenye mikutano mingi ya miradi na wanajua mgeni mwenye karatasi anataka kusikia nini. Hawakukudanganya, wamekukirimu tu.

Iweke hojaji kando, uanze na orodha huru. Chagua watu 25 hadi 30, umwone kila mmoja peke yake, maana kwenye kikundi mkubwa akishasema wengine huitikia. Mwambie: "Nitajie kila unachokipata pwani maji yakitoka." Andika kwa mpangilio anaotaja yeye, usimsaidie. Akinyamaza, msomee aliyoyataja kisha uulize, "Na chengine?" Kinachotajwa na wengi, tena mapema, ndicho chenye uzito kwao. Halafu orodha ya pili: "Nini humfanya mtu arudi mikono mitupu?" Hapo ndipo hutoka upepo, maji yasiyokauka vizuri, wapiga mbizi wenye miwani waliotangulia, wageni waliopiga dago, yaani kambi ya wavuvi. Watu watano mfululizo wasipoongeza jipya, simama. Kama wewe ni mwanamme, tafuta mwanamke wa kuuliza pamoja nawe, na msiende wakati maji yanatoka. Saa hiyo ni ya kazi.

Baada ya hapo fuatana nao mwambani. Uliza jina la kila mwamba, nani huutumia, na tundu gani hurejewa. Maswali mengi ambayo hojaji haiyafikii hujibiwa pale pale mtu anapoonyesha kwa kijiti.

Sasa kupima, na hapa ndipo tafiti nyingi za pwani huharibika. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, huwa kati yake, kiasi cha tarehe 7 au 8 na 22 au 23 za mwezi wa Kiislamu. Kwenye bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu hufika karibu mita 4, mwamba mkubwa ukawa wazi. Kwenye maji mafu mwamba huo huo haufikiki kwa miguu. Ukilinganisha wiki hii na wiki ijayo, utakuwa umepima mwezi wa angani, si upungufu wa pweza. Linganisha bamvua na bamvua. Miezi mitatu itakupa bamvua sita hivi, zinatosha kwa tasnifu, ingawa hazitoshi kusema lolote juu ya miaka.

Chukua mizani ya kuning'iniza. Kwa kila mtu andika tarehe ya Hijria, saa aliyoingia na aliyotoka, idadi ya pweza na kilo. Gawa kilo kwa saa alizokaa majini, maana jumla peke yake hudanganya: aliyekaa saa nne hawezi kulinganishwa na aliyekaa saa moja na nusu. Usinunue pweza kwa unaowapima, wataanza kukuletea wakubwa tu. Na kama shehia hiyo hufunga mwamba, yaani huzuia uvuvi, kwa miezi kadhaa, kama ilivyofanyika Kisiwa Panza hapo Pemba, mavuno ya siku ya kufungua yaweke ukurasa wake. Siku hiyo si ya kawaida.

Kuhusu zamani, usiulize "mwaka 2000 mlikuwa mkipata ngapi?" Tumia alama: kabla au baada ya mvua za El Nino za 1997, kabla au baada ya kuzaliwa mtoto fulani. Kuzama kwa meli ya MV Spice Islander, Septemba 2011, ni alama ambayo kila mtu anaikumbuka, lakini Pemba ni msiba wa nyumba nyingi. Usiitaje wewe kwanza. Akikwambia "pweza walijaa Ramadhani ile", tafuta ni mwaka gani, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka na huzunguka misimu yote, kaskazi hadi kusi. Wazee wanaohesabu miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa jadi, mnamo Julai, watakupa msimu kwa uhakika zaidi. Watafute hao.

Weka madaftari mawili, la maneno na la vipimo, wala usitumie moja kulisahihisha jengine. Kwa mfano, wakulima wa jirani na Jozani, msitu wa Unguja, wamelalamika kwamba kima punju wanamaliza nazi zao. Watafiti Siex na Struhsaker walihesabu, wakachapisha mwaka 1999: kima walipokula nazi changa zaidi, mavuno ya nazi pevu hayakupungua bali yaliongezeka, pengine kwa kuwa mnazi ulipunguziwa mzigo. Mvivu angeandika "wakulima wamekosea". Mkulima ameona kwa macho yake nazi changa zikianguka, na nyuma ya malalamiko pana suala la ardhi na la nani anapata fedha za watalii. Tofauti ya madaftari yako mawili ndiyo sura ya tasnifu yenyewe.

Kabla ya kuanza, mrudie sheha na kamati ya uvuvi ya shehia. Kupima uzito hakumo kwenye maombi yako ya kibali kama uliomba kwa hojaji tu, basi peleka barua ya mabadiliko, na kumbuka kibali cha Bara peke yake hakikutoshi Zanzibar. Watu wakiona mizani bila maelezo watadhani unahesabia kodi, na kuanzia siku hiyo kilo zote utakazoandika zitakuwa pungufu.