Pampu ya pumu na kupimwa kwenye mbio

Habari ndugu. Umeuliza kama pampu ya pumu itakuponza ukipimwa dawa zilizokatazwa michezoni kwenye mbio za Jumapili hapa Dar.

Soma kopo kwanza. Pampu nyingi za salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, hutoa mikrogramu 100 kwa mpulizo. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, inaruhusu zisizidi mikrogramu 600 kwa saa 8 na 1600 kwa saa 24. Yaani mipulizo 6 kwa saa 8, na 16 kwa siku nzima. Vidonge na sharubati yake ni marufuku hata mazoezini, kwa hiyo chunguza pia dawa ya kikohozi unayonunua Kariakoo.

Mtego mwingine ni mashine ya mvuke: dozi moja ya miligramu 2.5 tayari imevuka kiwango. Ukibanwa, itumie, uhai kwanza! Kisha chukua maandishi ya daktari, uombe haraka kibali cha kutumia dawa hiyo kwa matibabu.