Sadaka Huanza Jumamosi

Miaka kadhaa nyuma, hapa Dodoma, nilisimama kwenye harambee ya kuezeka kanisa nikatamka ahadi ya laki mbili. Sikuwa nimekusudia. Aliyenitangulia alitaja laki na nusu, msema chochote, yaani mshereheshaji, akanigeukia, watu wakapiga makofi, mdomo ukatangulia moyo. Nililipa kwa miezi saba, na kila nilipopeleka fungu nilirudi nyumbani nimenuna. Mke wangu akaniambia, "Baba, hilo ni deni, si sadaka."

Aliyenifundisha kutoa ni bibi mmoja jirani yetu, tulipokuwa tukiishi upande wa Chamwino. Mwaka huo mvua ilikatika mapema na uwele mwingi ukakaukia shambani. Jumamosi moja jioni nilimkuta bibi huyo amekaa mkekani, anapepeta uwele kwa ungo. Akaumimina kwenye beseni, akaanza kuchambua vijiwe, kimoja kimoja, huku jua linazama. Nilidhani ni wa chakula. Akasema ni wa kanisani kesho. Nikamuuliza, bibi, mbona unajichosha hivyo, na uwele wenyewe utanadiwa tu kanisani?

"Mwanangu, mgeni wako ungempikia wenye mchanga?"

Akaendelea kuchambua, anaimba polepole kwa Kigogo. Siku hiyo debe la uwele lilikuwa mali, lakini usoni hakuwa na dalili ya mtu anayepungukiwa.

Usiku nikafungua Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 9. Maneno ya kwamba Mungu humpenda atoaye kwa moyo wa ukunjufu nilikuwa nayo kichwani tangu utoto. Yaliyonishika ni yale yanayotangulia katika 9:7: kila mtu atende "kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Paulo alikuwa akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na Wakorintho walikuwa wameanza tangu mwaka uliotangulia bila kumaliza. Walikuwa na ahadi kama yangu. Hata hivyo aliwaandikia kwamba nia ikiwepo, mtu hukubaliwa kwa alicho nacho, si kwa asicho nacho. Na katika waraka wa kwanza, 16:2, aliwaagiza kila mmoja aweke akiba kwake, siku ya kwanza ya juma.

Kwa hiyo ndugu yangu, amua kabla hujatoka nyumbani. Sisi hukaa Jumamosi baada ya chakula, tunaulizana wiki imekwendaje, tunataja kiasi, tunaombea. Kuna wiki ni elfu ishirini, kuna wiki ni elfu mbili na mayai sita, na mayai wanachagua watoto. Ukiona kiasi kinakupa kinyongo, ni afadhali upunguze, kisha umwambie Mungu kweli ni nini kinachokushika.

Nanyi wazee wa kanisa wenzangu, nawasihi tuache kusoma majina ya wenye ahadi mbele ya watu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 36, Musa ilibidi atangaze kambini watu waache kuleta, kwa kuwa vitu vya kujengea hema la ibada vilikuwa vimetosha na kuzidi. Watu wale walileta kwa kupenda.

Ule uwele wa bibi niliununua mimi mnadani. Tukausaga, tukasonga ugali, tukaula na mlenda. Hakuna aliyetafuna mchanga.