Usingoje wiki ya 12 ndipo umwambie mtu

Mimba yangu ya kwanza tuliijua wawili tu, mimi na mume wangu. Tulikubaliana kukaa kimya mpaka wiki ya 12 ipite, maana ndivyo tulivyosikia watu wakifanya, na tuliogopa kutangaza jambo ambalo huenda lisingefika. Wiki ya tisa ikatoka. Siku ya tatu nilirudi kazini, damu bado inatoka, nikamwambia msimamizi wangu kwamba nilikuwa na homa. Wenzangu wakanipa pole ya homa, nikaitikia.

Ile pole ya homa imekaa nami kuliko hata maumivu yenyewe. Nilikuwa nimefiwa, na hakuna aliyejua kwamba kuna msiba. Mimba ya pili ilipoingia, mwaka mmoja na miezi minne baadaye, niliwaambia wanawake watatu kabla wiki ya sita haijaisha. Kwa hiyo wewe ambaye umeona mistari miwili wiki hii na kipimo bado umekificha ndani ya begi, nakuomba utafute mtu wa kumwambia sasa.

Kutangaza kuna siku yake, na siku hiyo utaichagua mwenyewe. Mimi nazungumzia mtu mmoja au wawili, wasizidi wanne. Kigezo changu cha kuwachagua ni kimoja. Jiulize: hii mimba ikitoka usiku wa leo, je, huyu ndiye nitakayempigia simu alfajiri? Kama ndiye, mwambie. Kama siye, hata awe ndugu wa damu, anaweza kungoja. Kigezo hiki kiliniondolea majina mengi. Kilimwondoa shangazi yangu ninayempenda sana, kwa sababu neno halikai kifuani mwake. Kikamleta mwenzangu wa kazini ambaye kabla ya hapo tulikuwa tunasalimiana tu.

Huyo alinikuta nimeinamia sinki la chooni. Hakuniuliza kitu. Alinishikia mkoba, akafungua bomba ili sauti isisikike nje, akangoja nimalize. Kesho yake akaninong'oneza, "Mimi pia. Wiki ya saba." Yeye alikuwa na jirani yake mwenye mimba changa, mimi nina rafiki niliyesoma naye ambaye alikuwa amechelewa siku zake kwa wiki mbili. Tukawa wanne. Tulikutana Jumamosi jioni nyumbani kwa mmoja wetu, siku nyingine tukaandikiana kwenye simu.

Desturi ya kunyamaza hadi wiki ya 12 naielewa. Katika kila mimba 100 ambazo mwenyewe amekwisha kuzijua, kama 10 hadi 20 hutoka, na nyingi kati ya hizo hutoka ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Karibu nusu ya zinazotoka mapema huwa na kasoro ya kromosomu, yaani zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi wa wazazi, kasoro ambayo mara nyingi ilikuwepo tangu yai na mbegu vilipokutana. Ndoo uliyoinua haihusiki, wala ngazi ulizopanda, wala ule ugomvi wa juzi. Mkunga aliponieleza hivyo baada ya ile ya kwanza nilitikisa kichwa kumkubalia, lakini sikumwamini. Ilibidi niyasikie tena kutoka kwa mwanamke aliyepitia, ndipo yakaniingia.

Lakini hebu angalia kinachotokea mwilini katika wiki hizohizo za kunyamaza. Kichefuchefu huanza kama wiki ya sita na hukolea karibu na wiki ya tisa. Homoni ya hCG, ile inayosomwa na kipimo cha mkojo, mwanzoni huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku mbili au tatu, ikafika kileleni kati ya wiki ya 8 na ya 11. Projesteroni, homoni nyingine ya ujauzito, nayo inakulaza usingizi saa nane mchana ukiwa mezani kazini. Kwa wengi hali hutulia kati ya wiki ya 14 na ya 20. Yaani kipindi unachohitaji sana mtu wa kukushika mkono ndicho kipindi ambacho hakuna anayejua, tumbo halionekani, na hakuna anayekupisha kiti.

Mambo tuliyosaidiana yalikuwa madogo. Mmoja alitufundisha kuweka kitu kikavu cha kutafuna kando ya kitanda na kukila kabla ya kuinua kichwa. Mwingine alikuwa na mate yasiyokwisha, anatembea na kitambaa mfukoni, na aliona aibu hata kwa mumewe. Siku alipotuonyesha kile kitambaa, yule jirani alitoa cha kwake. Tulizungumza kuhusu choo kigumu, jambo ambalo sijawahi kusikia mtu akilitaja mbele za watu, na mmoja wetu akakumbuka kuuliza kliniki kama vidonge vya madini ya chuma vinachangia. Kweli vinachangia, akashauriwa namna ya kuvimeza na kuongeza maji. Harufu ya mume, ndoto za ajabu, kulia bila sababu: vyote vilipita pale, na kila kimoja kilipungua uzito kikishasemwa.

Jioni moja rafiki yangu alisema, "Mimi bado sijafurahi." Alikuwa ametafuta mtoto kwa muda mrefu. Tulinyamaza. Nilihisi maneno ya kumtuliza yananijia mdomoni, yale ya shukuru, wengine wanatafuta, na namshukuru Mungu niliyameza. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyejibu: "Mimi nafurahi asubuhi, jioni naogopa." Kisha nikasema langu, kwamba kila nikienda chooni natazama kwanza kama kuna damu, kila mara, mchana na usiku. Wote wanne tulikuwa tunatazama. Tangu siku hiyo woga wangu haukuondoka, ila uliacha kuwa siri.

Kutokana na jioni ile tukajiwekea utaratibu, na huu nakushauri uubebe kama ulivyo. Mtu akisema jambo, kwanza tunamuuliza: tukusikilize tu, au tutafute la kufanya? Hatulinganishi dalili, kwa sababu asiyetapika hulala akidhani mimba yake ina kasoro, na anayetapika hudhani mwili wake ni dhaifu. Dawa yoyote, hata ya mitishamba, haipendekezwi na mmoja wetu mpaka iulizwe kliniki. Na mtu akinyamaza siku mbili, anapigiwa simu. Ujumbe wa maandishi pekee hautoshi, kwa maana unaweza kuujibu "niko sawa" huku unalia.

Hiyo kanuni ya dawa tuliipata kwa makosa. Yule jirani alitapika tangu alfajiri, hata maji hayakukaa. Sisi watatu tukawa tunamtumia mbinu moja baada ya nyingine, jaribu hiki, lamba kile, mpaka usiku. Kila mmoja aliona anasaidia. Kesho yake asubuhi akaandika kwamba mkojo wake ni kidogo na umekuwa mweusi, na akisimama anaona giza. Tulimpeleka hospitali akawekewa dripu. Naumia hadi leo nikikumbuka kwamba upendo wetu ndio uliomchelewesha. Kwa hiyo naomba ulishike hili kuliko yote: kutapika kila kitu hata maji kwa siku nzima, kupungua uzito kwa kasi, au kuona kizunguzungu na mkojo mweusi, hayo si ya kushauriana na wenzako. Vivyo hivyo maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, maumivu kwenye ncha ya bega, au kuzirai, kwa sababu huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo inaua. Damu ya matone humtokea kama mjamzito mmoja kati ya wanne katika miezi hii, na wengi wao hujifungua salama, lakini ni mtaalamu pekee atakayejua yako ni ipi. Damu nyingi, au damu yenye maumivu au homa, nenda saa hiyohiyo. Kazi ya wenzako hapo ni kukusindikiza.

Kliniki pia nendeni wawili wawili mkiweza. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonane na wahudumu walau mara nane katika ujauzito, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Wengi wetu huchelewa kwa sababu ileile ya siri. Pale utapimwa damu, presha, mkojo na maambukizi yanayoweza kumpata mtoto, na utapewa vidonge vya kuongeza damu vyenye asidi ya foliki. Kama bado hujaanza asidi ya foliki, usisubiri: mikrogramu 400 kwa siku ndiyo kiwango cha kawaida, na mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga mnamo wiki ya sita, wakati wengi wetu ndio kwanza tunajua. Ukiwa na kisukari au unatumia dawa za kifafa, sema mapema, maana kiwango chako kinaweza kuwa tofauti.

Faida moja ya kusindikizwa ni kwamba masikio mawili yenye hofu husikia nusu. Rafiki yangu aligombana na mumewe siku mbili kwa sababu kadi iliandika wiki sita, na wiki sita nyuma bwana alikuwa safarini. Mimi niliyekuwa naye kliniki ndiye niliyekumbuka maelezo ya muuguzi: umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo siku unayokosa hedhi tayari unaandikiwa wiki nne, ingawa mimba imetunga yapata wiki mbili tu. Nilikwenda kwao na kalenda.

Sasa nifike kwenye lililo gumu. Wiki ya 11 mwenzangu wa kazini, yule wa mkoba na bomba, aliingia kwenye ultrasaundi akatoka bila mapigo ya moyo wa mtoto. Alituandikia mstari mmoja. Sisi watatu, tukiwa na matumbo yetu, tuliingiwa na aibu. Tukaacha kuandikiana kabisa, kwa kudhani tunamstahi. Siku ya pili akatuma sauti: "Msininyamazie na ninyi."

Twende, tukaenda. Sikumwambia kwamba atapata mwingine. Sikumwambia afadhali ilikuwa changa, wala kwamba Mungu ana mipango yake, ingawa mwenyewe ni mtu wa sala. Maneno hayo niliyasema moyoni mwangu baada ya mimba yangu ya kwanza na hayakunibeba hata hatua moja. Nilimwambia pole. Rafiki yangu akaosha vyombo, jirani akafua. Tulikaa sebuleni, naye akatusimulia juu ya kile chumba cha ultrasaundi mara tatu, nne, na kila mara tukasikiliza kama mara ya kwanza. Kazini nilisimama naye alipomwambia msimamizi ukweli, neno lenyewe, akapewa siku za kupumzika.

Kisha tulimuuliza anataka nini kuhusu sisi. Tusimwamulie, tumuulize. Alisema hawezi kusoma habari za matumbo yetu kwa sasa, lakini hataki kutupoteza. Tukafungua mahali pengine pa kuandikiana mambo mengine, yeye akiwa ndani, na ya ujauzito tukayaweka kando. Tarehe ambayo angejifungua niliiandika kwenye kalenda yangu, na siku hiyo nilimpigia. Alisema mimi na mumewe tu ndio tuliokumbuka.

Kwa hiyo mnapoanza kikundi chenu, hata cha wawili, lizungumzeni hilo mapema, mngali wote wazima: ikitokea kwa mmoja wetu, angependa tufanyeje? Inatisha kuuliza. Sisi hatukuuliza, na kwa siku mbili nzima tulimwacha peke yake.

Na kama una rafiki anayetafuta mtoto kwa miaka, asisikie kwa watu. Mwandikie yeye peke yake, aweze kulia bila kutazamwa, umwambie si lazima ajibu.

Wengine huniuliza waanzeje, hasa kama hawana mazoea ya kusema mambo yao. Mimi niliandika ujumbe huu saa kumi na moja alfajiri, nimekaa sakafuni bafuni, nikautuma kabla sijaghairi: "Nina mimba ya wiki tano. Sijui kama itafika. Nataka wewe ujue."

Jibu lilikuja kabla sijainuka. "Nimejua. Leo unaamka na nani hapo nyumbani? Nije?"