Herufi moja iliyokaribia kutukosesha wageni

Nyinyi mnaoanza kazi ya mapokezi katika hoteli za huku Nyali na Bamburi, nawaandikia kwa sababu mimi mwenyewe nilianza vibaya. Kiongozi wa kundi la wageni aliuliza kwa barua pepe kama pale ufukweni pana viti na kivuli. Nikamjibu: "We have few chairs and little shade." Nia yangu ilikuwa kumtuliza. Haikupita saa, akapiga simu kutaka kuvunja bukingi. Meneja aliichapa barua yangu, akachukua kalamu, akaongeza herufi ileile mara mbili: "a few", "a little".

Hiyo "a" ni kama "tu" yetu iliyogeuzwa. Mtu wa Mombasa akisema "viti vichache" hajalalamika. Akisema "vichache tu", hapo ndipo pana upungufu. Sisi tunaongeza neno ili kulalamika, Mwingereza analiondoa. "Few chairs" kwake ni karibu hakuna.

Tofauti ya "few" (kwa vitu vya kuhesabika) na "little" (kwa visivyohesabika) yenyewe isiwatishe, mmezaliwa nayo. Nani huomba sukari chache kwenye chai? Huombwa sukari kidogo, na mahamri machache ya kushushia. Tatizo liko kwenye "-ingi". Magari mengi, maji mengi: neno moja latutosha, wakati Kiingereza kinataka "many cars" na "much water". Tena ngeli zinatuponza, maana maji, maziwa na mafuta hubeba upatanisho wa wingi, na kabla hujajua ulimi umeshatoa "many milk".

Mtego mkubwa kuliko yote mapokezini ni mizigo. Mgeni anashuka teksi na mabegi matatu, nawe kichwani una "mizigo mingapi?", kwa hiyo unamuuliza "How many luggages?" Neno "luggage" halipokei "s" hata likijaza lori. Uliza "How many bags?" na mambo yaishe, hila hiyo naitumia hadi leo. Tabia hiyohiyo wanayo "furniture", "equipment", "information" na "advice". "News" ina "s" ya bure, kwani husemwa "the news is good". Nywele kwetu ni nyingi, kwao "her hair is long", kana kwamba ni unywele mmoja. Na pesa! Unazihesabu noti kwa noti pale kaunta, lakini "money" haihesabiki. Kinachohesabika ni shilingi. Nimewahi kubishana na jambo hili huku nimeshika noti mkononi, nikashindwa.

Jihadharini pia na "We have much space". Si kosa la kufukuzwa kazi, ila linasikika kama tangazo la serikali. Kwenye swali au kukanusha, "much" inakaa vizuri: "not much time". Penginepo wekeni "a lot of", inayopokea viti na maji bila ubaguzi.

Kuhusu "fewer" na "less" sitawachosha. Kwa viti andikeni "fewer", kwa kivuli "less". Mwaka 1770 Mwingereza Robert Baker aliandika kwamba yeye anaona "fewer" ndiyo sahihi kwa vitu vya kuhesabika. Rai ya mtu mmoja ikaja kufundishwa kama sheria, na Waingereza wengi hawaifuati wakiongea. Hata kwenye maandishi, muda, umbali na bei hubaki na "less": "less than 500 shillings", ingawa shilingi, kama nilivyosema, zinahesabika. Msiniulize kwa nini.

Halafu mtasikia mgeni mezani akiagiza "two coffees", na kahawa mmefundishwa haihesabiki. Anahesabu vikombe. Mpelekeeni viwili, kabla havijapoa.