Habari ya kweli lakini imetuonea: tuiite nini?

SWALI: Mhariri, chama chetu cha wafanyakazi kinaandaa barua kwa gazeti lililoandika kuhusu mgomo wetu. Wenzangu wanataka tumwite mwandishi mwongo. Mimi naona takwimu zake ni sahihi, ila habari nzima imetuonea. Neno gani linafaa?

JIBU: Ndugu, hilo "mwongo" lifuteni kwanza. Uongo ni kusema jambo ukijua kwamba si kweli, na alichokijua mwandishi hamna namna ya kukithibitisha. Mhariri wa gazeti hilo atawaonyesha takwimu sahihi, na barua yenu itafia hapo.

Tajeni kilichofanyika. Kama menejimenti imepewa aya tano na nyinyi sentensi moja mwishoni, habari imeegemea upande mmoja. Sisi wa vyumba vya habari tunasema haina mizania. Kama hamkutafutwa kabisa, andikeni kwamba mmenyimwa haki ya kujibu. Mhariri yeyote makini hilo litamuuma kuliko tusi.

Upotoshaji ni jambo jingine, na nahisi ndilo lenu. Hapo kila kipande ni cha kweli, ila vimepangwa hadi msomaji anaondoka na picha isiyo sahihi. Tuseme mwenyekiti wenu alitamka, "Hatutarudi kazini hadi tulipwe," gazeti likachapa, "Hatutarudi kazini." Hakuna neno lililobuniwa, lakini maana imegeuka. Wekeni kauli nzima kando ya iliyochapishwa, kisha nyamazeni.

Chunguzeni pia vitenzi. "Alisema" hakina upande. "Alidai" hutia shaka, "alikiri" humfanya msemaji aonekane mkosaji, na "alifafanua" humpa hadhi ya mwenye ukweli. (Siku hizi "alidai" kinatumiwa ovyo hata pasipo na anayebisha, kwa hiyo kimoja peke yake si ushahidi.) Lakini ikiwa menejimenti inafafanua na nyinyi mnadai tangu mwanzo hadi mwisho, hiyo ni lugha ya upendeleo. Ihesabuni na muiorodheshe.

Kutia chumvi ni kukuza jambo lililotokea kweli. Uzushi ni habari isiyo na chanzo. Kwa maelezo yako, sioni kama yanawahusu.

Neno la kuogopa ni "uchochezi", kwa sababu lina uzito wa kisheria. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu waliohusika na redio RTLM na gazeti la Kangura, na miongoni mwa makosa ilikuwa kuchochea mauaji ya kimbari ya Rwanda. Habari ya mgomo isiyo na mizania haifiki huko, na mkilitumia mtaonekana nyinyi ndio mnaotia chumvi.

Mwisho, lalamikieni habari, si mtu. Kichwa cha habari, ambacho huenda ndicho kilichowaudhi zaidi, mara nyingi huwekwa na wahariri, si mwandishi ambaye jina lake liko chini yake.