Maswali ya Wasomaji: Kiwanda Kikuukuu, Simu na Futi Kamba

Kiwanda cha chai huku kwetu kimesimama miaka mingi na mabati yanazidi kupungua. Tulipiga picha 90 kwa simu tukatengeneza modeli ya 3D. Ukuta wa mita 60 umetoka umepinda kama ndizi, paa limejaa matobo. Tumekosea wapi? – Msomaji, Mafinga

Tuanze na paa. Programu hutafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha. Bati linang'aa, na migongo yake yote ni pacha, kwa hiyo kompyuta hushika mgongo wa tatu ikadhani ni wa nne. Pigeni siku ya mawingu, ambayo Mufindi haina uhaba nayo, lakini ukungu uwe umeshapanda. Ndani, pale kuta zilipopakwa chokaa tupu, bandikeni karatasi za A4 zenye namba kubwa, kila moja na namba yake.

Ndizi imetokana na kupiga kwa kutazama ukuta moja kwa moja tu, mkitembea mstari mmoja. Simameni mita 6 kutoka ukutani, simu ikiwa wima, msogee mita moja na nusu kwa kila picha. Rudieni mstari huohuo mkielekeza simu upande kidogo kushoto, kisha kulia. Upande huo mmoja pekee utakula picha kama 120, na kwenye kona ongezeni nyingine nyingi, maana kona ndiko mnyororo wa picha zinazoungana hukatikia. Msivute zumu, wala msibadili lenzi katikati ya kazi.

Modeli haina kipimo mpaka muipe. Pimeni kwa futi kamba umbali kati ya karatasi mlizobandika, walau sehemu nne zilizo mbalimbali, mojawapo isipungue mita 10. Tatu ziingizeni kwenye programu, ya nne ifichwe kwa ajili ya kuhakiki: ikipishana kwa zaidi ya sentimita 2, rudini uwandani. GPS ya simu isiwe mbadala, kwani hukosea kwa mita kadhaa.

Meshroom, mojawapo ya programu za kutengeneza modeli kutokana na picha, inahitaji kadi ya michoro ya NVIDIA ili ifike mwisho. Kama kompyuta yenu haina, jaribuni programu ya WebODM kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 16, na muiache usiku kucha.

Halafu, msiishie kwenye kuta. Misingi ya mashine, boliti zilizobaki sakafuni, matundu ya mikanda ukutani na ghorofa ya kunyaushia majani ndivyo vinavyoonyesha jani lilivyosafiri hadi kwenye kikaushio. Bila hivyo mtakuwa mmehifadhi ghala. Na kama sehemu ya paa ni asbesto, msiipande, msiikwangue wala msiikate.

Nimeskani ramani ya zamani na kuiweka kwenye QGIS, programu ya ramani, kwa kutumia namba za gridi yake. Kila jengo limeangukia kaskazini ya mahali pake, kama mita 300. Je, wapimaji wa zamani walikosea? – Msomaji, Mbeya

Hawakukosea. Ramani hizo zilichorwa kwa datamu (msingi wa kuhesabia mahali duniani) ya zamani iitwayo Arc 1960, wewe umeiambia programu ni WGS 84, ile inayotumiwa na GPS. Kwenye orodha ya mifumo ya gridi chagua Arc 1960 / UTM 36S, namba 21036, kisha uiache QGIS igeuze yenyewe kwenda 32736, yaani gridi hiyohiyo kwa WGS 84. Usiivute ramani kwa mkono ili ikae sawa, maana hutajua tena kosa lilikuwa kiasi gani.

Jengo la mgodi la miaka ya 1930 linalindwa na sheria moja kwa moja? – Msomaji, Chunya

Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863, kwa hiyo majengo yote ya migodi ya dhahabu ya Lupa, huko kwenu Chunya, yako nje. Lililojengwa baadaye huhitaji tamko la Waziri. Ombi liambatane na ramani ya eneo, michoro yenye vipimo na picha zenye tarehe. Mkitaka kurusha droni, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kitangulie.